Jina Langu Liko Darasa la Mwisho

Mangobo, Kisangani
Tarehe 25 Agosti 2025

Mpendwa Mama Mudogo Georgette,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, kutoka kwa bwana yangu Eddy, kutoka kwa mudogo wangu Larissa na kutoka kwa wajukuu wako wawili. Namna gani afya? Namna gani mguu ule uliovimba wakati wa mvua? Na bibi, bado anakula vizuri? Bado anakataa kulala ndani ya neti? Sisi hapa tuko wazima, Mungu asifiwe. Chance aliota meno mawili kwa mara moja akatuchosha wote, lakini sasa anamchekea kila mutu, ata mbuzi wa jirani. Israël anaanza darasa la kwanza Jumatatu ijayo. Ni wiki nzima anatembea na begi mgongoni, ata chooni anaingia nalo.

Nimeandika kwa mkono sababu neno lenyewe si la kusema kwa simu. Simu yenu iko kwa Fiston, na Fiston akipokea anaweka sauti kubwa, kiwanja kizima kinasikia. Barua hii anakuletea Papa Zuberi, yule mufanyabiashara anayeleta sabuni na chumvi Punia kwa pikipiki, kupitia Lubutu. Usome peke yako kwanza. Maandishi yangu unayajua, usicheke. Sikumwomba Larissa anisahihishie.

Nianze na habari njema. Shule moja hapa Mangobo imefungua madarasa ya mchana kwa wamama na wasichana walioacha masomo, saa saba mpaka saa kumi na moja. Walitangaza kanisani. Claudine, rafiki yangu tunayekaanga naye mikate sokoni, akanibana ubavuni kwa kiwiko: «Umesikia ao umelala?» Nilikuwa nimesikia, Mama Mudogo.

Jumapili ya kwanza ya mwezi huu prefe, mukubwa wa shule ile, Papa Célestin, akatuita wote: wanafunzi, mabwana, wakwe, yeyote anayekaa nasi nyumbani. Akasema mwaka wa masomo hauanzi Septemba, unaanza leo, na unaanzia jikoni. Kila mwanafunzi alisimama na mutu wa kwao, na mutu huyo akatakiwa kutaja mbele ya wote kazi gani ya nyumbani itakuwa yake saa zile za masomo. Si kusema tu «nitamusaidia». Kazi yenye jina. Papa mumoja mzee akasema yeye atachota maji. Bibi yake akamuuliza kisima kiko wapi, papa akaanza kuangalia juu. Tulicheka mpaka machozi.

Ikafika zamu ya Eddy. Akavua kofia, akasema: «Mimi nitatwanga lituma.» Mwanaume, kutwanga ndizi! Wamama walipiga vigelegele, mumoja akapaza sauti kutoka nyuma: «Papa Israël, siye tutakuja kuonja!» Prefe hakucheka. Aliandika katika daftari lake: Eddy, lituma. Siku ile nilirudi nyumbani nikitembea kama mutu aliyeolewa mara ya pili.

Mama Clémence, mama mukwe wangu, alikataa kuja. Unajua tunakaa ndani ya kiwanja chake, vyumba viwili vya nyuma, na kila anayeingia ao kutoka anapita mbele ya mlango wake. Aliniambia: «Mama muzima na sketi ya watoto! Utaandika nini, na maziwa yanakutoka kwenye shati?» Nikapita. Kiwanja ni chake, na mlango ni wake.

Vitu walivyotuomba ni vichache: shati jeupe, sketi ya bluu, madaftari, na buletini, ile karatasi ya alama, ya darasa la mwisho tulilomaliza. Hapo kwenye buletini ndipo roho yangu ilishuka. Nafikiri na wewe yako imeshuka sasa, mahali ulipoketi.

Naikumbuka vizuri buletini ile. Darasa la nane, asilimia sitini na nne, wa tatu kati ya watoto arobaini na moja. Siku niliyoipokea Israël alikuwa tayari tumboni. Nikaiweka chini ya godoro, nikaacha masomo. Miaka mitatu ikapita. Tulikuwa bado Lubunga na wewe, na Larissa alikuwa amepona ugonjwa wake mrefu. Alikuwa amemaliza darasa la sita tu, na miaka yake kumi na tano, mrefu kuliko mwalimu. Alikataa kabisa kukaa benchi moja na watoto wa darasa la saba. Alisema afadhali alime.

Ndipo ulinijia nikiosha sufuria, ukaniuliza: «Chimène, ile karatasi inafanya kazi gani chini ya godoro?» Nikakujibu haifanyi kazi yoyote. Kesho yake ulivuka mto na Larissa kwa mtumbwi, ukamwandikisha upande huu kwenye shule isiyotujua, darasa la kwanza la humanités, lile linalofuata la nane, tawi la pedagojia, jina lake Chimène Feza. Sikulaumu, Mama. Uliniuliza na nikakubali. Nilitoa jina langu la shule kama mutu anavyotoa gauni lisilomuenea tena. Sikujua kwamba siku moja nitalihitaji.

Na yeye amelivaa vizuri, lazima niseme ukweli. Hajarudia darasa ata mara moja. Jumatatu anaingia mwaka wa nne, mwaka wa mwisho, na mwisho wa mwaka ni mtihani wa Serikali na diplome ya ualimu.

Bon. Mimi katika ujinga wangu nilifikiri nakala ya buletini ni karatasi tu. Nilimbeba Chance nikaenda shuleni kwa Larissa kuiomba. Mama wa sekretaria akafungua rejista kubwa, akapitisha kidole, akatabasamu.

«Chimène Feza? Ah, finaliste wetu! Mutoto wa akili yule. Na wewe uko nani yake?»

«Niko yaya yake, dada yake mukubwa.»

«Jina lako?»

Nikasema Larissa. Lilitoka lenyewe, kama chafya. Yule mama akanieleza kwa upole kwamba nakala haitoki tena, orodha ya finalistes imekwisha kwenda kwa mukaguzi, na jina moja haliwezi kukaa shule mbili. Likionekana mara mbili yanafutwa yote mawili. Nilimushukuru. Nikatoka, nikakaa juu ya jiwe kando ya ukuta, nikamnyonyesha Chance, sababu sikujua kitu kingine cha kufanya.

Sasa uone mahali nimekwama. Nikienda mbele kuwa Chimène, namuangusha Larissa mwaka mumoja kabla ya diplome, na yeye hana kitu nyuma yake ila darasa la sita. Nikikaa kimya, mimi sina karatasi, na mutu bila karatasi haandikwi. Wakati mwingine nakaa sokoni mbele ya mafuta, Claudine anaongea, nami naona tu jina langu limekaa darasani kwenye benchi la mbele, limefunga mlango kwa ndani.

Nitakuambia na dhambi yangu, sababu wewe ni mama. Jumamosi moja Larissa alikuwa amekaa juu ya mkeka anafunika madaftari na kuandika jina juu. Ana maandishi mazuri, kama ya kuchapwa. Chimène Feza, Chimène Feza, daftari baada ya daftari. Nikasimama juu yake nikamwambia: «Andika vizuri, mwizi.» Akaweka kalamu chini. Hakulia palepale. Alimaliza kwanza kufunika daftari la Israël, akabandika picha ya ndege juu yake, ndipo akalia.

Nililia na mimi. Nikamuomba msamaha mbele ya mutoto. Israël akauliza nani amekufa.

Kesho yake asubuhi Larissa akaniambia: «Yaya, acha niende niseme kwa prefe wetu. Nitaacha masomo, njo vile, basi.» Nikamkatalia. Nani anamtoa mutoto ndani ya mto wakati amebakiza mikono miwili kufika ng'ambo? Nikamwambia siku atakayoacha, mimi nitakuwa nimeacha mara mbili.

Claudine ananiona tu nina huzuni. Nilimwambia kwamba karatasi zangu zina shida, sikumweleza shida gani. Yeye akasema: «Enda useme kweli, prefe iko mutu muzuri.» Nilienda kweli mpaka mlangoni kwa Papa Célestin. Ndani kulikuwa na mama mwingine, tarehe zake za kuzaliwa hazikupatana. Nikasikia prefe anamwambia: «Mama, dosye yenye karatasi za shaka naipeleka kwa mukaguzi, ata ingekuwa ya dada yangu wa tumbo moja.» Alisema bila ukali. Nikageuka polepole kama mutu aliyekosea nyumba.

Alhamisi iliyopita tulikuwa tunachambua pondu, mimi na Larissa. Ghafula akaacha majani. «Yaya, na jina langu? Larissa Mwamini iko wapi? Hakuna mutu ndani.» Sikuelewa. Akaendelea: buletini yake ya darasa la sita, ile yake mwenyewe, iko kwako Punia, ndani ya sanduku la chuma, pamoja na karatasi za marehemu papa. Hakuna aliyeigusa toka ulipoondoka Lubunga. Kwa karatasi ile mutu anaingia darasa la saba, na shule ya Mangobo inalo darasa la saba la mchana.

Kwanza nilicheka, Mama Mudogo. Halafu nikaacha kucheka. Prefe hajui jina langu la shule, bado sijajaza fishi ya kujiandikisha. Hapa mtaani hakuna anayelijua, wote wananiita Mama Israël, ata Claudine. Nikichukua karatasi ya Larissa nitarudia madarasa mawili niliyokwisha kupita, na nitaingia na asilimia hamsini na moja na alama nyekundu ya hesabu. Mimi niliyekuwa wa tatu! Larissa akaona uso wangu akasema: «Pole, yaya. Ningejua, ningesoma.»

Eddy tulipomwambia akasema: «Bon, donc nimeoa shemeji. Wazee wakisikia watanitoza mbuzi wa pili.» Ni mutu wa namna hiyo, anatania pale anapoogopa. Lakini baadaye, akipangusa pikipiki yake, aliniuliza bila kuniangalia kama kwenye karatasi zile nitakuwa bado bibi yake. Nikamwambia hapana, kwenye karatasi zile sina bwana.

Na hilo si zito zaidi. Larissa amezaliwa mwaka wa 2007. Israël ana miaka sita. Hesabu mwenyewe: Larissa hawezi kuwa mama yake. Shule ina baraza ambapo mama mzee mumoja anachunga watoto wachanga wakati wa masomo, na ili kumuweka mutoto pale unaonyesha kadi yake ya kupimia uzito. Kadi ya Chance imeandikwa, mama: Chimène Feza. Donc nikimleta nitapaswa kusema ni mutoto wa yaya yangu. Nilijaribu kuyasema maneno hayo nikiwa peke yangu chumbani, Chance yuko kwenye ziwa ananiangalia kwa jicho moja. Sikumaliza. Miaka miwili naweza kuipoteza. Jina naweza kulivua, nimekwisha kulivua mara moja. Lakini kumkana mutoto anayeninyonya, kinywa changu kilikataa.

Kwa siku mbili nilikuwa nimeamua kuacha. Nilikunja sketi ya bluu aliyonishonea Claudine, nikaiweka juu ya kabati.

Ni Mama Clémence aliyeiona. Hajui habari ya majina, na usimwandikie. Aliniuliza kwa nini sketi imepanda juu. Nikamjibu kwamba mutoto hana mahali pa kukaa. Akatazama nje, akaguna, akasema: «Huyu atabaki hapa na mimi. Mpaka Sikukuu ya Watakatifu tu. Kisha nitaona.» Na palepale akaongeza kwamba nisifikiri ameshindwa, anamtaka Chance tu, mimi naweza kwenda ninakotaka. Nilitaka kumshika mikono, akanipa ungo nipepete mchele.

Kwa hiyo nimefikiri hivi. Chance hatavuka lango la shule. Hakuna atakayeniomba kadi. Eddy ataendelea kuwa mudhamini wangu, na lituma yake. Na kama siku moja prefe ataniuliza Israël na Chance ni watoto wa nani, nitamjibu ni watoto wa Chimène. Neno hilo naweza kulisema nikimwangalia machoni.

Najua tunafukia shimo kwa udongo wa shimo lingine. Najua siku moja, labda nikifika na mimi mwaka wa mwisho, mutu ataweka karatasi zetu mbili mezani na kuuliza nani ni nani. Lakini siku hiyo haijafika. Nina miaka ishirini na mbili, nimekaanga mikate toka Israël aache ziwa, na kila asubuhi wanafunzi wanapita mbele yangu wakinunua, nami nasoma vichwa vya madaftari yao kabla sijawapa mikate. Jeografia. Biolojia. Nataka kujua kilichoandikwa ndani, Mama. Ni hilo tu.

Sasa ombi langu. Fungua sanduku la chuma, utoe buletini ya darasa la sita ya Larissa. Iko, nafikiri, ndani ya bahasha ya kahawia, chini ya karatasi za papa. Uifunge vizuri ndani ya plastiki, mvua imeanza njiani. Uiweke mkononi mwa Papa Zuberi mwenyewe, si mkononi mwa Fiston. Atakaa Punia siku nne halafu anarudi. Prefe anafunga dosye tarehe 20 Septemba, na ameniruhusu kuanza darasani nikingoja. Kama panya wameila, ao maji yameingia, uniambie kweli, usinifiche ili nisiumie. Na kama unaona hofu, kama unasema moyoni «nilifanya mara moja, sitafanya tena», nitaelewa pia, na sitakuwa na kinyongo. Lakini nijibu. Kungoja bila jibu ndiko kutaniua.

Na usilie juu ya jambo hili. Nakujua, utakaa nyuma ya nyumba na kusema wewe ndiye uliyeniharibia. Wewe ulikuwa na watoto wawili wa marehemu dada yako na karatasi moja nzuri. Ungefanya nini? Siku diplome ya Larissa itatoka itakuwa na jina langu na akili yake, tutaiweka ukutani, na kila mumoja wetu ataiona yake.

Toka juzi Larissa ananifundisha kuitika. Jioni, wakati sufuria ziko motoni, anajifanya prefe, anakaa juu ya kibao na mwiko mkononi, anaita orodha: anaanza na majina ya uongo, anataja ya wajirani, anataja ya mbuzi, halafu bila kunionya: «Larissa Mwamini!» Mara ya kwanza sikusikia kitu, nikaendelea kukoroga. Mara ya pili Eddy akanisukuma na mguu. Jana aliita kwa sauti ya kweli, kavu, kama ya shule, na sisi wawili tukaitika pamoja: «Présente!» Yeye alishika kinywa. Tukaangaliana. Hakuna aliyecheka, isipokuwa Chance.

Nisalimie bibi, umshike magoti kwa niaba yangu. Msalimie Tonton Sadrack na bibi yake, na Fiston pia, ata kama namsema. Mwambie Félicité gauni alilonitumia lilinitosha, nalivaa kanisani. Larissa anakusalimu sana. Amesimama mlangoni, anajifanya haoni ninachoandika. Israël anasema nikuandikie kwamba begi lake lina mifuko minne.

Mungu aulinde mguu wako, akupe usingizi mzuri, na amuongoze Papa Zuberi kwenye matope ya Lubutu, kwenda na kurudi. Ukinijibu, juu ya bahasha uandike Chimène. Mahali pengine pote nitazoea.

Wako akupendaye, mutoto wako wa Mangobo,

Chimène